Benchi la Nje ya Kanisa

Kila Jumapili, saa tatu kasorobo asubuhi, Kweyu humsindikiza mkewe Selpher hadi kwenye geti la kanisa la mabati mtaani Mowlem, Nairobi. Humkabidhi mkoba wake na ngoma ya akina mama, kisha huketi kwenye benchi la nje ya ukuta na kufungua gazeti. Ibada ikiisha huinuka, huipokea ngoma, nao hurudi nyumbani pamoja. Amefanya hivyo miaka thelathini na mitano. Benchi lenyewe alilitengeneza kwa mikono yake, la chuma, baada ya lile la mbao kuibwa. Hili amelichomelea kwenye nguzo, maana siku hizi hata kiti cha mlangoni pa kanisa kinahitaji kufungwa kama mbuzi.

Zamani mtu akiketi hapo asubuhi isiyo na mawingu aliuona mlima wa Ol Donyo Sabuk. Leo anaona chupi zilizoanikwa ghorofa ya sita. Kila penye uwanja pameota nyumba, na kila nyumba imevaa vyuma madirishani, wenyewe wakiwa ndani kama kuku wa kuuzwa. Watoto humwita Mzee wa Geti. Wageni humdhania bawabu, wakamwuliza pa kuegesha gari. Huwaonyesha.

Haingii kwa sababu haamini kwamba Mungu yupo. Hana hasira naye, maana mtu hawezi kumkasirikia asiyekuwepo. Wala hakupotoshwa na vitabu, kama wasemavyo majirani. Vitabu vya maktaba alivisoma baadaye, kimoja baada ya kingine, yeye aliyeachia shule darasa la sita. Vilimpa maneno. Sababu alikuwa nayo tayari.

Mwaka wa 1988 binti yao wa kwanza, Ayuma, akiwa na miaka mitano, alishikwa na homa ya uti wa mgongo. Siku hizo Kweyu alikuwa mwumini kumshinda mkewe. Alifunga siku nne. Mchana alisimama kwenye mashine ya kukereza vyuma kiwandani Baba Dogo, jioni alipiga magoti kando ya kitanda hospitalini. Kwenye kitanda cha pili alilala mtoto wa rika hilo hilo, Gichuru, mwana wa Njoki, muuza viatu vya mitumba wa Donholm. Wazazi wale hawakuwa wakijuana. Lakini usiku wa pili walishikana mikono juu ya ile nafasi iliyokuwa kati ya vitanda, wakawaombea watoto wote wawili kwa sauti moja, Ayuma na Gichuru, Gichuru na Ayuma.

Gichuru akapona. Ayuma akafa alfajiri ya siku ya tano.

Kwenye matanga watu walimwambia Kweyu kwamba Mungu alimpenda mtoto zaidi yake. Mwezi uliofuata Njoki, ambaye tangu hospitalini alianza kusali nao, alisimama kanisani, akilia kwa furaha, akashukuru kwamba kilio chake kilisikiwa. Hakusema kwa ubaya. Ila Kweyu, aliyekuwa safu ya tatu, aliona jambo ambalo hakuweza tena kuacha kuliona. Walikuwa wameomba pamoja. Kama kulikuwa na aliyesikia, basi alisikia majina mawili na akachagua moja.

Mwaka mzima aliishi na huyo aliyechagua. Alikula naye, akalala naye, akamwogopa. Kisha asubuhi moja, akitembea kwenda kazini kupitia Outer Ring, umande ukiwa bado kwenye nyasi, maana nyasi zilikuwepo, wazo lilimjia kama mtu aliyemgusa begani: huenda hakuna aliyechagua. Ugonjwa haukulijua jina la Ayuma. Haukuwa na kinyongo naye, wala haukumtaka kuliko mwingine. Hakuna aliyekaa mahali akaviangalia vitanda viwili. Kweyu alisimama kando ya barabara akalia mpaka wapita njia wakadhani ameibiwa. Mchana huo alikula chakula chake chote, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Jioni alimwambia Selpher. Selpher akasema, "Mimi bado namhitaji. Nani mwingine nimwachie mtoto wangu?" Wakakubaliana hapo hapo, bila mashahidi, kwamba atamfikisha getini na kumsubiri.

Na alimfikisha, kwa sababu aliona kile ambacho akina mama wa kanisa walimfanyia. Walikuja nyumbani kila siku miezi mitatu, wakamwosha nywele, wakampikia, wakamtoa kitandani kwa nyimbo. Hatimaye Selpher naye akawa mmoja wa wanaokwenda kuwatoa wengine vitandani. Ni miaka ishirini na miwili sasa tangu wamchague kuwa kiongozi wao. Akiwa na ngoma ile mapajani, mgongo wake hunyooka kama wa msichana.

Enzi za mchungaji Lusweti mambo yalikwenda hivyo bila matata. Lusweti alikuwa fundi wa mabomba siku za kazi, na Jumamosi alikuja kwa Kweyu kunywa chai na kubishana. "Kweyu, wewe Mungu atakuja kukutafuta mwenyewe," alikuwa akisema akinyoosha kikombe kiongezwe. "Mimi nimechoka." Wachungaji wa namna hiyo hawatengenezwi tena. Lusweti alizikwa, na mwaka jana kanisa likapata Kiarie, kijana wa miaka thelathini na moja, suruali imebana, saa inayohesabu hatua.

Kiarie hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa fomu. Fomu ya mwaka huu kutoka makao makuu ya kanisa ilisema kwamba kila kiongozi lazima nyumba yake iwe imeokoka, na mwenzi wake asimame mbele ya kanisa aseme hivyo kwa kinywa chake. La sivyo, kiongozi apishe.

Alikuja kwenye benchi Jumapili moja kabla ya ibada. "Mzee, niaje... samahani. Habari ya asubuhi, mzee."

"Nzuri, mchungaji. Hata niaje naijua, ilizaliwa hapa hapa tukiiona."

Kiarie akacheka, akamweleza. "Ni sentensi moja tu, mzee wangu. Hata sekunde tano haifiki."

"Nimefanya kazi na mashine inayokata kidole kwa muda mfupi kuliko huo."

"Sasa tutafanyaje? Mama Ayuma tunampenda. Lakini sheria ni ya wote. Nakupa mpaka Jumapili ijayo."

Wiki hiyo Selpher hakutaja jambo hilo. Alhamisi alirudi kutoka kwa akina mama, akaiweka ngoma juu ya kabati, mahali pa vitu visivyotumika, kisha akaanza kuchambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa. Kweyu alimtazama. Alimwona tena mwanamke wa mwaka ule, aliyelala akiuelekea ukuta. Akawaza kuwa ametunza ukweli wake miaka yote hii, na bei yake sasa inalipwa na mtu mwingine.

Jumamosi, akinyoa ndevu, alijaribu mbele ya kioo. "Naitwa Kweyu. Nampenda Bwana na nimeokoka." Alirudia mara tatu. Ilikuwa sentensi nyepesi kweli. Mara ya tatu alijikata kidevuni.

Jumapili alimkabidhi Selpher mkoba na ngoma kama kawaida. Ila hakuketi. Alikunja gazeti, akaliacha kwenye benchi, akaingia nyuma ya mkewe.

"Yesu!" Njoki alipiga kelele kutoka safu ya mbele. Alikuwa amezeeka, miguu imevimba, sauti ile ile. "Baba Ayuma ameingia! Mtu afunge mlango asitoroke!"

Watu wakacheka wakageuka. Kweyu alitafuta lile kanisa alilolijua, la sakafu ya saruji na dirisha moja lenye kioo cha bluu, hakulipata. Alikuta dari nyeupe kama keki ya harusi, taa zinazobadilisha rangi, na spika zenye ukubwa wa kabati. Kitu kimoja tu hakikuwa kimeguswa: saa ya ushuhuda.

Saa hiyo ina desturi yake, na umeme haujaiua bado. Mtu akitoa ushuhuda mrefu kupita kiasi, au akianza kuwataja majirani waliomroga, mama mmoja huanzisha pambio. Kanisa zima hudaka, hupiga makofi, na msemaji hana budi kukaa. Hakuna anayeaibika, maana nani atagombana na wimbo? Kwa miaka ishirini na miwili aliyeachiwa kazi hiyo ni Selpher. Aliwahi kumkata mzee mmoja aliyekuwa akihesabu wanawake aliowaacha kabla ya kuokoka, akiwa amefika wa tisa, na bibi wa mzee alimshukuru.

Kiarie aliita ushuhuda. Kweyu akainuka, akapewa kipaza sauti.

"Bwana asifiwe."

"Amina!"

"Naitwa Kweyu. Wengi wenu mnanijua kwa geti." Kicheko. "Leo nimekuja kusema kwamba mimi..."

Alimtafuta Selpher ili amtolee yeye maneno yale. Alitarajia kumwona na furaha. Alikuta uso aliowahi kuuona mara moja, siku aliporudi kutoka kiwandani amefunga mkono kwa kitambaa na kumwambia kwamba hauumi.

"...kwamba mimi nam..."

Ngoma ikalia.

Ilikuwa pigo moja, kisha jingine. Selpher alikuwa ameshasimama, kichwa juu, anaimba pambio la zamani kabisa, lile walilomtoa nalo kitandani. Akina mama walitazamana. Mtu hajasema hata dakika moja! Lakini mkono wa Mama Ayuma ukishapiga, kazi yao ni kudaka. Wakadaka. Makofi yakajaa, dari ya keki ikatikisika, na Kweyu akabaki na kipaza sauti mkononi, mdomo wazi, maneno yamekatikia katikati ya ulimi. Akakaa.

Wimbo ulipoisha Kiarie alisema taratibu, "Mama Ayuma, mzee hakuwa amemaliza."

"Alikuwa amemaliza, mchungaji."

"Hakuwa amesema chochote."

"Ndiyo. Alichokuwa anataka kusema si chake." Akageuka kulitazama kanisa zima. "Nimekaa na huyu mtu miaka arobaini na minne. Mbali na siku alipoumia mkono, hajawahi kuniambia neno asilolimaanisha. Asubuhi akiniambia chai ni nzuri, ni nzuri. Siku alipozika mtoto wetu hakuniambia uongo, na wote walikuwa wananiambia. Mkitaka nafasi yenu, hii hapa." Akaiweka ngoma sakafuni, mbele ya mimbari. "Lakini kumgeuza kuwa mtu mwingine ili mimi nikae mbele, hapana. Bwana wangu namjua. Hanihitaji nimletee uongo."

Ndipo Njoki akashika mgongo wa kiti, akajivuta juu.

"Mimi nimeshukuru hapa kwa ajili ya Gichuru wangu kila mwaka," alisema. "Leo Gichuru ana miaka arobaini na moja, na mnajua ni nani alimpa kazi ya mashine? Ni huyu. Alimchukua akiwa kijana mkorofi, akamfundisha, hakumpiga hata kofi. Kila mwaka nikishukuru, yeye yuko pale nje anasikia spika. Na mama huyu yuko hapa ndani, ananipigia ngoma. Sijawahi kujiuliza wanavyojisikia." Akafuta pua kwa leso. "Nisameheni. Mtoto wenu nilimwombea kweli."

Akajikokota hadi mbele, akaiokota ngoma, akamrudishia Selpher mikononi. "Kaa nayo. Tuliokuchagua ni sisi, si fomu."

Akina mama walianza kupiga makofi, na safari hii hawakungoja wimbo.

Kweyu aliponyoka kabla ya mahubiri, akarudi kwenye benchi. Gazeti lilikuwa limeibwa. Alikuwa bado anashangaa mtu wa kuiba gazeti la Jumapili mlangoni pa kanisa alipomwona Kiarie akija baada ya ibada, bila kipaza sauti, akaketi kando yake.

"Mzee, ulikuwa unataka kusema nini?"

"Uongo."

Kiarie alicheka, kisha akaacha. "Na ukweli ni upi?"

"Ni mrefu. Hausemwi bila chai."

"Fomu nimeifungia kwenye droo. Wakiniuliza nitawaambia akina mama wamenishinda nguvu, na si uongo." Aliitazama saa yake, akaivua, akaitia mfukoni. "Jumamosi uko nyumbani?"

Kweyu alimkagua kijana yule kuanzia viatu hadi kichwani, kama chuma kilicholetwa kiwandani ambacho huenda kikakerezeka. Tangu Lusweti afe hakuna aliyekuwa amemwuliza swali hilo.

"Saa kumi. Na uje na swali, si jibu."

Selpher alitoka, akampa ngoma, wakashika njia ya nyumbani. Hakusema kitu hadi walipopita kona ya pili.

"Ulitaka kunidanganya mbele ya watu."

"Nilitaka kukupa kitu, Mama Ayuma."

"Ungenipa mtu nisiyemjua, nizeeke naye." Akamfuta mahali alipojikata kidevuni, kwa kidole gumba kilicholambwa, kama anavyofutwa mtoto. "Hata kujinyoa hukuweza."

Wanja, muuza mboga wa chini ya ghorofa, aliwaona kwa mbali. "Baba Ayuma! Mama Ayuma! Njooni, sukuma za leo bado zina umande!"

Kweyu aliinua mkono kumjibu. Haamini kwamba wafu wanaishi popote. Lakini miaka thelathini na sita sasa mtaa mzima humwita kwa jina la binti yake, asubuhi na jioni, hata watu waliozaliwa baada ya kifo chake. Aliihamishia ngoma kwapa la pili, akamshika mkewe mkono, wakavuka barabara kwenda kununua mboga.