Mashimo ya Wageni

Wanaosema kwamba mimi ndiye niliyewafukuza wageni Gahanga wanasema nusu ya kweli, na nusu hiyo siikatai. Nusu iliyobaki naiandika hapa, kwa sababu nimechoka kuisikia ikisimuliwa sokoni na watu ambao hawajawahi kupanda mlima wetu.

Ushirika wetu ni wa wanawake wa mteremko mmoja wa Gahanga, pale ambapo Kigali inakwisha na mashamba ya maharage yanaanza, ingawa kila mwaka inakuwa vigumu zaidi kujua inakwishia wapi. Kazi yetu ni kuotesha miche: gereveriya, parachichi, na miti ya asili ambayo wanaojenga nyumba mpya hawaitaki kwa kuwa inakua polepole. Mimi nilikuwa mwenyekiti. Huku kwetu kila anayeshika muhuri ni perezida, kwa hiyo waliniita Perezida hata nilipokuwa nachota mbolea ya ng'ombe kwa mikono.

Juu ya mashamba yetu mlima ulikuwa uchi. Mikaratusi yote ilikatwa ikawa miti ya ujenzi, na tangu hapo kila mvua inateremsha udongo. Wa kwanza kuupokea ni jirani yangu, mjane ambaye shamba lake liko chini kabisa ya mteremko na nyumba yake iko mwisho wa shamba. Msimu mmoja maharage yake yalifukiwa yakiwa na maua. Msimu uliofuata tope lilifika kwenye ukuta wa chumba anacholala. Alipima kwa kiganja jinsi lilivyopanda, akanionyesha.

Ndipo akaja kijana wa kampuni ya utalii, shati limenyooka, tabasamu tayari. Wageni wake wanapitia Kigali wakienda kuangalia sokwe, na kabla ya hapo wanapenda kupanda mti. Kila mgeni mche mmoja, picha moja, na kijiti chenye jina lake. Miche angenunua kwetu. Tulimpigia makofi. Nikamwomba jambo moja tu, kwamba wapande kule juu, mahali udongo unapoanzia.

"Mama, wageni wamekuja kupumzika," aliniambia. "Kule juu wataanguka, halafu nani atajibu?"

Basi wakawa wanapanda chini, kwenye kipande tambarare kando ya barabara ambapo udongo haujawahi kwenda popote. Kipande chenyewe hakizidi kiwanja cha mpira wa wavu. Kila wiki basi dogo liliteremsha watu, kila wiki miche yetu ilinunuliwa, na kiwanja hakikujaa. Mtu mwenye macho angeuliza. Mimi nina macho. Nilijitia hamnazo kwa miezi mingi, na hilo ndilo jambo pekee katika habari hii ninalolionea haya mpaka leo.

Siku moja nilikwenda nyuma ya kibanda cha zana kutafuta toroli. Nikakuta miche yetu imelundikwa, mizizi juu, imekauka. Vijiti vya majina vilikuwa vimefungwa kwa kamba kama kuni. Nikiwa bado nimeduwaa, jirani yangu akatokea amekumbatia mingine.

"Unafanya nini?" nilimuuliza kwa Kiswahili tunachozungumza sisi wawili, na sauti ilinitoka vibaya.

"Perezida, usinitazame hivyo. Ule kijana ndiye alisema nitoe, nifungue mashimo. Basi ingine iko inakuja kesho."

"Weye? Weye ambaye udongo inakuingilia mpaka kwa nyumba?"

Aliiweka ile miche chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. "Pale chini hii miti itazuia udongo gani? Niambie. Ananipa kazi, ninafanya. Na weye ulikuwa unajua. Unauza miche kila wiki, ulifikiri inaenda wapi?"

Hasira niliyokuwa nimemwandalia yeye ilinigeukia mimi mwenyewe, nikarudi nyumbani bila toroli.

Kwa kawaida kijana alisimama kati yetu na wageni. Sisi tukisema maneno kumi kwa Kinyarwanda, yeye aliwaambia mawili kwa Kiingereza, wakacheka. Lakini wageni wa kesho yake walikuwa Watanzania, walimu wastaafu, na mimi nimekulia Bujumbura, katika mtaa ambao hata ugomvi wa bombani tuligombana kwa Kiswahili. Wakashuka na shikamoo zao, salamu ambayo huku hatuitumii, na nikahisi kwamba leo hakuna wa kunitafsiria.

Mama mmoja mnene, viatu vyeupe pe, alichukua mche wake akauliza, "Haya dada, wangu unakaa wapi?"

"Kwa hii shimo. Lakini wiki kesho tutautoa, tuweke wa mwingine."

Kijana alicheka haraka. "Mama huyu anapenda utani!"

"Si utani. Hii shimo imeshapandwa mara mingi sana. Kama unataka mti wako ubaki, njoo nikuoneshe kwenye unahitajika." Nikanyoosha kidole juu.

Yule mama aliutazama mlima, akavitazama viatu vyake, akautazama tena mlima. "Viatu si vinaoshwa?" akasema, akatangulia.

Wakamfuata wote. Wengine walitambaa kwa mikono, mzee mmoja aliteleza akakaa chini akacheka mpaka akakohoa. Niliwafundisha kuchimba shimo, kuchana kiriba, ule mfuko wa plastiki wenye mche, kabla ya kuuweka shimoni, na kuushindilia udongo kwa kisigino. Kijana alipofika juu, anahema, akaanza kugawa vijiti vya majina, mama wa viatu vyeupe akakirudisha chake. "Nani atakuja kukisoma huku? Mbuzi?"

Nilifurahi siku ile. Nasema wazi, nilifurahi kama sijawahi kufurahi tangu nishike ule muhuri.

Kijana aliondoka bila kuaga. Jioni akapiga simu: basi halitarudi mpaka ushirika uombe radhi na wageni warudishwe kwenye mashimo ya chini. Kwenye mkutano wenzangu walinijia juu, na sikuwashangaa. Mmoja alikuwa ameanza kuezeka nyumba yake, mwingine alikuwa na binti shuleni. "Umetukatia riziki, Perezida, halafu unatuhubiria mambo ya udongo!" Walitaka niseme samahani kwenye simu, mbele yao. Niliwaambia nitamwomba radhi kila mtu aliyekaa pale, kwa ule ukimya wangu, lakini si yule kijana. Wakaomba muhuri, nikautoa mfukoni nikauweka mezani. Jirani yangu alikuwa amekaa mlangoni. Alisogeza miguu nipite.

Mwenyekiti mpya aliomba radhi, na mashimo yakasafishwa siku ya Alhamisi. Wageni walitarajiwa Ijumaa, saa nne.

Ijumaa kulipokucha nilichukua panga nikaenda kwenye uzio wangu mwenyewe. Uzio wangu ni wa umuvumu, mti ambao ukichomeka tawi lake ardhini wakati wa mvua linashika lenyewe. Nilikata matawi mazito, marefu kunipita, yenye unene wa mguu wa mtu. Nilipokuwa nakokota la pili nikasikia upande wa nyuma umekuwa mwepesi. Jirani yangu alikuwa ameunyanyua.

"Hii moja, mutu mumoja hawezi kuitoa," alisema.

"Ndiyo maana nimeikata."

Tuliyakokota mpaka kile kiwanja cha kando ya barabara. Tulijaza shimo baada ya shimo, tukashindilia kwa mawe, tukachuruzika jasho kama watu wanaolipwa. Uzio wangu ulibaki na mwanya ambao ng'ombe angepita, na nilijua kwamba kabla ya saa sita nitakuwa nimefukuzwa hata uanachama.

Basi lilifika. Kijana akashuka, akaona kiwanja kimejaa magogo yaliyosimama, hakuna shimo hata moja. Nyuma yake wageni walikuwa wanashuka, Wazungu, wamevaa kofia, wanatabasamu.

"Nani amefanya hivi?" aliuliza kwa Kinyarwanda.

Nilifungua mdomo, maana mimi sikawii kujibu. Jirani yangu akaniwahi.

"Ni mimi," alimwambia, kwa Kinyarwanda kilekile, bila kupandisha sauti. "Na ile miche ya kwanza yote ni mimi niliing'oa, kwa sababu ulinituma. Hii hutanituma."

Akainama, akajitwika kichwani kapu la miche iliyowekwa tayari kwa wageni, akaanza kupanda mlima. Wageni hawakuwa wameelewa hata neno moja. Walidhani matembezi yameanza, wakamfuata.