Majani ya Moffat Theuri

Nimeongozwa katika milima ya nchi nyingi. Nepal walituhesabu kwa filimbi, Ethiopia kwa kutugusa bega mmoja mmoja. Moffat Theuri wa Wamagana hahesabu watu kabisa, na kwa sababu hiyo alikuwa ameshaanguka mtihani wa kuongoza wageni mara mbili.

Ana miaka hamsini na mitatu. Kumi na tisa kati ya hiyo ameimaliza katika chuo cha mazingira kilicho juu ya mji wa Nyeri, pale chai inapokoma na msitu kuanza. Aliajiriwa kumwagilia miche. Njia ya wageni inayoteremka hadi mtoni aliifyeka mwenyewe, kwa panga lake. Sasa chuo kinataka kila kiongozi awe na beji, na anayeanguka mara tatu hurudi kwenye miche, njia apewe mwingine.

Maswali hayakumshinda. Chuo kilianza na majengo mangapi? Mawili, na moja lilikuwa zizi la ng'ombe. Mwanzilishi wa skauti amezikwa wapi? Hapo chini mjini. Kilichomshinda ni visanduku viwili kwenye fomu: idadi ya walioingia, idadi ya waliotoka. Mama yake alimfunza kwamba watu hawahesabiwi, kama vile mbuzi hawahesabiwi. Ukihesabu unaita msiba. Moffat ni mzee wa kanisa na anajua vizuri mchungaji angemwambia nini. Bado mdomo wake unakataa.

"Sasa utajuaje wote wametoka?" Mwalimu Mwikali alimuuliza asubuhi ya mtihani wa tatu.

"Niko na majani, madam."

"Majani ni ya ng'ombe, Mzee Theuri. Fomu inataka namba."

Mwikali ni mtu wa Kitui. Chuoni anafundisha ufasaha wa kusema na uandishi wa mazingira, na siku hiyo ndiye aliyekuwa mtahini. Sisi wageni alituhutubia kidogo kabla ya safari. "Msitu hauandikwi mtu akitembea," alisema. "Keti kwanza, ndipo uone." Kisha akatuhesabu langoni: kumi na wawili.

Moffat akampa kila mtu jani la mti tofauti na wa mwenzake, na kila jani lilikuwa na swali na jibu. Wakati wa kutoka unarudisha jani ukitamka jibu, na ukisahau wenzako wanakusaidia. Mimi nilipata mutarakwa, mwerezi wa huko: kwa nini nguzo zake haziliwi na mchwa? Ogutu, afande mstaafu anayekaa mtaa wa Skuta, alipata muiri.

"Gome ya muiri inatengeneza dawa ya nani?" Moffat alimuuliza, akajijibu. "Ya wazee kama sisi, wenye kukojoa kwa shida."

"Sema wazee kama wewe," Ogutu akasema, na watu wakacheka hadi ndege wakaruka.

Tuliteremka, tukaona mto, tukaruka mavi ya ndovu yaliyokuwa bado yanatoa mvuke. Saa tisa ukungu ukashuka ghafla, tukageuka. Darajani tulimkuta Lynn, mwanafunzi aliyekuwa akipima maji, naye akafunga chupa zake akajiunga nasi. Hakuna aliyemtia maanani.

Langoni Mwikali akahesabu. "Kumi na wawili. Haya, mmefika." Akatoa kalamu.

Moffat alikuwa bado anakusanya majani. Alipomaliza aliyapanga kwenye kiganja, akayapanga tena.

"Jani ya muiri iko wapi?"

"Mzee, wametimia. Nimehesabu mara mbili."

"Na huyu msichana, jani yake ni gani?"

"Mimi sikupewa," Lynn akasema. "Niliwapata tu kwa daraja."

Tukatazamana. Ogutu hakuwepo. Moffat aliiacha fomu kwa Mwikali na kuingia ndani ya ukungu akikimbia, mtu wa miaka hamsini na mitatu mwenye gambuti. Mwikali alibaki na kalamu mkononi. "Lakini nilihesabu vizuri," alisema, kisha akasema tena, kwa sauti ndogo zaidi. Mimi nilikuwa nikifikiria yale mavi.

Dakika ishirini baadaye tulisikia sauti kabla ya kuona mtu.

"Sikupotea! Nilikuwa naandika!"

Mwikali aliketi palepale kwenye nyasi, akafunika uso, akacheka huku machozi yakimtoka. Ogutu alitokea akishikwa mkono na Moffat, daftari kwapani. Alikuwa amekaa juu ya gogo akimwandika mbega mmoja, mkia wake hasa, mpaka ukungu ukamfunika yeye na mbega.

"Ni wewe ulituambia tukae, mwalimu," alijitetea.

Alitaka kupita langoni. Moffat akaziba njia.

"Jani."

"Nimeiweka kwa daftari. Nataka kwenda nayo nyumbani."

"Bila jani bado uko msituni, Mzee."

Ogutu alimtazama, akafungua daftari, akalitoa. "Dawa ya wazee," akasema. "Kama wewe."

Moffat alilipokea, akaliweka juu ya mengine, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akavuta pumzi ndefu. Mwikali alijaza visanduku kwa mkono wake: walioingia kumi na wawili, waliotoka kumi na watatu. Akaandika "Amefaulu", akatia sahihi. Alipokuwa akiandika namba hizo, Moffat aligeuza uso, akatazama upande wa mlima, ingawa kwa ukungu ule hakukuwa na mlima wa kutazama.