Kambi ya Kwanza Iwe Karibu

Siku ile naikumbuka kwa miguu zaidi kuliko kwa kichwa, mwanangu. Tulikuwa tunahama Kipalapala, nje kidogo ya Tabora, ukoo mzima wa mume wangu, kwenda upande wa Urambo ambako shemeji mkubwa alikuwa amepata pori la kutundika mizinga ya nyuki. Mimi bibi harusi wa juzijuzi, shingo ngumu, kichwani nimejitwika godoro la sufi na sufuria juu yake. Treni ilikuwepo, lakini baba mkwe alisema treni haitapakia mbuzi wake wala mizinga yake, basi sote tutatembea. Wanaume wakafunga mizinga kwenye baiskeli, wanawake tukajitwika, tukaaga majirani, watu wakatoa machozi, tukaondoka.

Hatukufika mbali. Jua halijafika hata utosini, baba mkwe akasimama kando ya njia akasema tueni mizigo, leo tunalala hapa.

Nilidhani anatania. Pale tuliposimama tulikuwa bado tunaisikia kengele ya seminari, ile ile tuliyokuwa tukiisikia tukiwa jikoni kwetu. Mama mmoja niliyeagana naye kwa kilio asubuhi alipita na jembe begani, akatukuta tumekaa, akacheka mpaka akashika kiuno, akauliza kama ndiyo tumeshafika Urambo. Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Na mdomo wangu toka zamani hauna breki. Nikamwambia mume wangu, kwa sauti ambayo nilijua baba yake ataisikia, kwamba kama ni kulala hapa bora tungelala kitandani.

Baba mkwe akaniita. Hakuwa mkali.

"Mkamwana, umesahau nini nyumbani?"

"Sijasahau kitu, baba."

"Basi wewe ni wa kwanza duniani."

Ndipo akanieleza. Baba yake alikuwa mpagazi, alibeba mizigo ya watu kutoka huku Unyanyembe hadi pwani, safari ya miezi. Na kila msafara, hata ungekuwa na watu wengi kama siafu, siku ya kwanza ulitembea kidogo tu ukapiga kambi karibu. Mzigo ukiwa uani unakudanganya, unaona kila kitu kimo. Ukishaubeba ukautua ndipo unajua kipi hakimo. Ukisahau kitu ukakikumbuka kambi ya kwanza, unarudi kukichukua. Ukikikumbuka katikati ya pori, umeshakikosa.

Mimi nikabenua mdomo. Lakini haikupita muda mume wangu akakumbuka kwamba tezo la kuchongea mizinga limebaki limechomekwa darini, akarudi mbio. Shangazi yake akarudi kufuata mbegu za karanga. Na jioni nilipoinjika mboga nikatafuta chumvi, chumvi hakuna. Baba mkwe aliniangalia tu, akaanza kukuna ndevu ili nisione kwamba anacheka.

Ningependa hadithi iishie hapo, mwanangu, kwenye chumvi. Haikuishia hapo.

Mume wangu alikuwa na dada, Nyamizi, mjane bado kijana, hana mtoto. Wifi wengine nawasikia wanavyoliza watu. Huyu wangu ndiye aliyenionyesha baba mkwe anapenda ugali mgumu kiasi gani, na ndiye aliyenificha nilipovunja chungu cha ukoo. Tulilima pamoja kila siku, yeye kushoto, mimi kulia, na alikuwa akiiga mwendo wa padri mmoja mnene hadi nashindwa kushika jembe. Nilikubali kuhama kwa moyo mweupe kwa sababu na yeye anahama.

Jioni ile, vyombo havijaoshwa, Nyamizi alikwenda akapiga magoti mbele ya baba yake.

"Baba, mimi siendi. Tangu mwanzo sikutaka. Ila nyumbani kila mtu alikuwa anafunga mizigo, nikakosa pa kusemea."

Alikuwa na shamba la marehemu mama yake pale Kipalapala, na kaburi la mama lenyewe liko pembeni ya shamba. Alisema atakaa kwa mama mdogo. Nikamwangalia mzee, nikingoja angurume. Akauliza tu kama mama mdogo anajua. Nyamizi akaitikia. Mzee akasema haya, tumsindikize kabla giza halijaingia.

Mimi sikuinuka. Nikasema maneno ambayo mkamwana hamwambii baba mkwe: kwamba kosa ni lake, kwamba tungetembea kama watu wengine wanavyotembea, leo Nyamizi angeona aibu kurudi na tungekuwa naye.

Mzee akachuchumaa mbele yangu.

"Angekuja, ndiyo. Miguu ingekuja. Halafu huko mbele, katikati ya pori, angekaa chini. Ungembeba wewe? Kambi hii siiweki kwa ajili ya chumvi, mwanangu. Naiweka ili asiyetaka apate pa kusemea, angali anaweza kurudi kwa miguu yake na sisi tungali tunampenda."

Tukamsindikiza. Nilimbebea kifurushi chake mpaka njia panda, sikumpa mpaka aliponinyang'anya. Urambo nimekaa miaka mingi, nimezaa, nimezika mume, na nimelima na wanawake wengi wazuri. Upande wangu wa kushoto haukuwahi kujaa. Niliporudi Tabora nikaenda Kipalapala kumtafuta, nikaonyeshwa kaburi jingine kando ya lile la mama yake.

Sasa nakaa Ipuli, hapa Tabora mjini, kwa mwanangu wa kiume. Mimi niliishia darasa la nne. Mjukuu wangu Kashindye, binti wa huyo mwanangu, amesoma kompyuta hadi chuo kikuu, na hilo nikilitaja kanisani silitaji kwa kunong'ona. Anafanya kazi kwenye kampuni inayonunua asali vijijini. Walimpa mradi: kila ndoo ya asali ibandikwe stika, mnunuzi wa kampuni kituoni aipige picha stika kwa simu, na papo hapo ofisi ijue asali hiyo imetoka pori lipi kwa mfugaji yupi. Wateja wa nje siku hizi wanataka kujua hata jina la nyuki.

Alikuja kunisalimia baada ya miezi nikimngoja. Shikamoo Bibi, marahaba, kisha simu. Nimempikia ugali wa mtama na mlenda wa karanga, anakula kwa mkono mmoja, mwingine unaandika. Nikauliza kuna nini. Akasema uzinduzi ni Jumatatu, vituo vyote vya kununulia kwa mpigo, hadi ndani kabisa Ulyankulu, wageni wamealikwa, fulana zimechapwa.

"Na wanunuzi wa vituoni wamesemaje?"

"Wamepata semina, Bibi."

"Sijauliza wamepata nini. Nimeuliza wamesemaje."

"Walipiga makofi."

"Makofi hata mimi napiga mahubiri yakiisha. Napiga kwa sababu yameisha."

Akacheka, kisha akaacha kucheka. Nikamsimulia habari ya Kipalapala kama nilivyokusimulia wewe. Katikati ya hadithi akailaza simu kifudifudi. Nilipomaliza alisema anaelewa, lakini bosi wake ameshatangaza, na akimwambia waanze na kituo kimoja ataonekana mwoga, labda mradi apewe mtu mwingine. Alikuwa ameupigania mradi ule. Niliona anavyokunja kidole cha pete, kama alivyokuwa akifanya utotoni akizuia machozi.

Nikamwambia akinyang'anywa atakula mlenda hapa, upo. Lakini mfumo ukilala chini Ulyankulu, wafugaji nyuki wamepanga foleni na ndoo zao juani, atanyang'anywa vilevile, na laana juu.

Akaenda kumwomba bosi waanze na kituo kimoja. Bosi alimuuliza kwa dharau kwa nini kituo cha jirani na Kipalapala, mahali ambapo mtu anafika kwa baiskeli. Kashindye akamjibu kwamba sababu ni hiyohiyo. Akaruhusiwa kujaribu hapo kwa ununuzi wa kwanza tu wa msimu, na akaongezewa maneno makali. Fulana zikabaki kwenye maboksi.

Mwanangu, mnunuzi wa asali mikono yake ni asali. Ofisini walikuwa wamejaribu kwa ndoo tupu, kavu, mezani. Kituoni vidole vilinata, kioo cha simu kikakataa kuguswa, stika zikateleza kama sabuni, na sisimizi wakaingia ndani ya simu wakafanya makao. Kashindye alinieleza huku analia na kucheka. Lakini ofisi iko karibu, fundi alikuja na bodaboda. Wakaanza kufunga stika kwenye mkono wa ndoo kabla asali haijamiminwa, na mwenye kushika simu akawa hashiki ndoo.

Hiyo ilikuwa chumvi. Nyamizi wake alikuwa Mama Sesilia, mnunuzi wa kituo kile, mwanamke ambaye wafugaji wanamwamini kuliko mizani. Siku moja walipokuwa wanafunga kazi alimwambia Kashindye kwa upole kwamba hataishika simu ile, wala hataki mtu amshikie. Kwenye semina alipiga makofi ili asimwaibishe binti wa watu. Anarudi shambani kwake.

Kashindye akanipigia. "Bibi, huyu ndiye aliyenifundisha asali. Bosi anasema nimlazimishe, au nimwache aende zake."

"Usimlazimishe. Na usimwache aende zake. Msindikize."

Akamsindikiza kweli. Akapita naye nyumba kwa nyumba, Mama Sesilia mwenyewe akimtambulisha kwa wafugaji mnunuzi atakayeshika nafasi yake. Wakaendelea kuleta asali. Angeondoka kwa kinyongo, nao wangeondoka naye, na mfumo ungebaki unahesabu hewa. Bosi hakuomba radhi, ila aliruhusu kituo cha pili, na cha tatu. Juzi Kashindye ameondoka na gari la kampuni kwenda Urambo. Alitaka nimfuate nikaone, magoti yakakataa. Nilisimama getini mpaka vumbi likatulia, nikaendelea kusimama.

Basi wewe uliyekabidhiwa mradi wa kompyuta, sikia mwanamke aliyeishia darasa la nne. Usiutupe mfumo mpya kote siku moja kwa sababu ya wageni na muziki. Uanzishe mahali ambapo unaweza kurudi nyumbani kabla ya giza, na mikono halisi, yenye uchafu wake wa kazi, iushike. Anayesema tumesahau kitu usimkaripie, la sivyo kesho atanyamaza. Waulize watakaoutumia wanasema nini, kisha funga mdomo wako usikie. Ukiona kila mtu amekubali, ujue hujawapa pa kusemea. Asiyetaka mpe nafasi aseme mapema, umsikie, na kama hawezi kuja, muage vizuri. Sikudanganyi kwamba hutaumia. Kambi ya karibu itakunyang'anya watu unaowapenda, na mzee aliyenifundisha hakuwahi kuniambia nitawakumbuka kiasi gani.

Nenda, mwanangu. Mungu awafungue midomo wenzako ungali karibu nao. Akupe kifua cha kuwaaga wanaobaki. Na kazi ikiisha, ukirudi, uwakute wazima.