Usaili wa Makaburini

Aliyechagua kiwanja cha zahanati yetu ama alikuwa na haraka ama alikuwa na mzaha. Aliijenga ikigusana na makaburi. Mama aliyeshikwa na uchungu akigeuza uso dirishani anaona mawe ya vichwani mwa ndugu zake yamejipanga chini ya mikorosho, na wengine huomba pazia livutwe. Mimi nilifanya kazi pale, ndani kidogo ya njia ya Kinjumbi, kwa miaka kadhaa, nikazoea. Mtu huzoea mengi akiwa kazini.

Nilichoshindwa kuzoea ni kufanya kazi ya tabibu bila cheo cha tabibu. Tabibu wetu alihamishwa, tukaahidiwa mwingine, na naamini ahadi hiyo ipo njiani mpaka leo. Nikawa napima, naandika dawa, nashona vidonda, nazalisha, kisha wakaguzi wanakuja na kuniambia kuwa baadhi ya hayo si ruhusa yangu. Nilikasirika sana. Nikasema basi, nitakwenda kuitafuta hiyo ruhusa. Chuo kimoja kilikuwa kimetangaza shahada ya uzamili kwa wauguzi, ile inayomfundisha muuguzi kumchunguza mgonjwa na kumtibu mwenyewe bila kungoja mkubwa. Niliitaka nafasi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu, na sioni haya kulisema.

Kuomba kwenyewe ni adhabu. Vyeti vithibitishwe na mwanasheria, leseni iwe hai, mwajiri atoe ruhusa, na walimu wangu wawili wa zamani wanidhamini. Mmoja wao alikuwa amestaafu, amehamia kwenye kufuga kuku, na simu yangu aliipokea pale tu alipotaka kuniuliza dawa ya mdondo. Kisha niandike insha ya kueleza kwa nini wanichague mimi na si mwingine. Yote hayo yapandishwe kwenye mfumo, mfumo unataka mtandao, na mtandao kijijini kwetu unapatikana mahali pamoja: makaburini, penye mwinuko.

Tangu simu zilipoingia, kijiji kizima hupigia simu kule. Unavua ndala pembeni, unawatolea salamu waliolala, unapanda kwenye mwinuko na kuzungumza kwa sauti ya chini. Na hutaji jina. Si lako, si la unayempigia, si la yeyote aliye hai. Utamsikia mtu mzima na ndevu zake anasema, "Mimi yule jirani wa msikiti," au, "Yule wa Somanga kashafika?" Jina likitokea kwenye kioo cha simu halina neno, kwa sababu jina la kusomwa si jina la kuitwa. Lakini likitamkwa pale, wanasema, wapo wanaolisikia na kujifunza kuliita. Siku hiyo au nyingine mwenye jina ataitwa, kwa sauti ya mtu anayemjua, na akiitika ndiyo basi tena. Ndiyo maana pande zetu sauti usiyomwona mwenyewe huiitikii mara ya kwanza.

Mimi ni mtu wa bara, mzaliwa wa Nyangamara. Nilikuta desturi ya simu nikaifuata kama ninavyovua viatu kwa watu. Sikuiamini, wala sikuwa na sababu ya kuivunja. Insha yangu niliituma nikiwa nimesimama pale kimya, kidole tu ndicho kinachofanya kazi.

Usaili ulikuwa ufanyike kwa simu, Alhamisi asubuhi. Nilishaongea na mwenye bodaboda anipeleke Somanga, barabara kuu, nikajibu maswali yangu mahali penye chai na watu wenye kelele. Jumatano, nikiwa na mzazi chumbani, meseji ikapenya dirishani, pale ambapo mtandao huja kama mgeni asiyetaka kukaa: ratiba imebadilika, usaili ni leo saa saba mchana, asiyepatikana atahesabika amejitoa.

Somanga ni mwendo. Mzazi wangu alikuwa wa mimba ya kwanza, binti mdogo mwenye woga, uchungu umekolea na njia inafunguka polepole. Nisingeweza kumwacha mbali na masikio yangu. Nikamwambia mhudumu wetu, mama mtu mzima mwenye mikono mizuri, "Akianza kutaka kusukuma, niite."

Akanitazama. "Nikuite vipi, na wewe uko kule?"

"Gonga beseni," nikasema. Akaona hilo linafaa.

Jua la mchana ule lilisimama utosini, na wakati kama huo hata watoto hukatazwa kuzurura. Nilivua ndala, nikatoa salamu, nikapanda. Hapakuwa na mtu. Mikorosho ilikuwa imetulia kabisa, majani yake hayachezi, na nilipokanyaga yaliyokauka nilitamani kuomba radhi kwa kelele. Simu ikaita.

Alianza mwanamke mwenye sauti ya upole. Akafuata mwanamume aliyekuwa akikohoa. Na nyuma yao alikuwepo wa tatu, ambaye hakusema kitu, ila nilimsikia akivuta pumzi karibu sana na kipaza sauti. Nikadhani ni mkubwa wao, anasikiliza tu.

"Kwanza tutajie jina lako kamili," mwanamke akasema.

Mdomo wangu haukufunguka. Mimi mwenye shahada, niliyemzalisha mama mtoto aliyetanguliza miguu kwa mwanga wa tochi, nilisimama pale nimefumba mdomo kama mtoto anayekataa dawa. Nikataja namba yangu ya maombi.

"Namba tunayo," mwanamume akasema. "Tunataka jina, dada, tujue tunazungumza na nani. Majina yote matatu, kama yalivyo kwenye cheti."

Nikasema mtandao ni mbaya. Wakasema wananisikia vizuri. Nikasikia karatasi ikigeuzwa, sauti ya watu wanaojiandaa kumwita mwingine, na nikaiona nafasi yangu inakwenda. Basi nikayataja. La kwanza, langu. La pili, la baba. La tatu, la babu, ambaye tulishamzika.

Mtandao una tabia ya kukurudishia sauti yako. Kila mwenye simu anajua. Lakini siku ile haukunirudishia majina matatu. Ulirudisha moja, la katikati, kwa sauti yangu, polepole, kama mtu anayejaribu kiatu. Na mimi maishani mwangu sijawahi kumwita baba yangu kwa jina. Mtoto gani anamwita baba yake kwa jina? Nilipolisikia likitamkwa na sauti yangu, peke yake, niliiondoa simu sikioni nikaitazama.

Maswali mengine niliyajibu. Kuhusu damu inayotoka baada ya kuzaa, kuhusu mama mwenye presha na zahanati isiyo na gari, hayo nayajua hata nikiamshwa usingizini. Walicheka mahali nilipowaambia kuhusu wakaguzi. Mwishoni waliniuliza kama nina swali. Nikasema sina, ila kama mjumbe wa tatu naye angependa kuniuliza chochote.

"Tupo wawili tu hapa," mwanamke akasema. "Asante, utapata majibu kwenye mfumo."

Beseni likagongwa. Nilishuka mbio, sikukumbuka hata ndala.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, analia kwa hasira kama inavyotakiwa. Alasiri akaja bibi wa yule mzazi na uji. Bibi huyu alikuwa pia mwenye nyumba niliyopanga, na kazi yake kijijini ilikuwa kuosha maiti za wanawake. Tulikuwa tukitaniana kwamba mimi nawapokea yeye anawasindikiza. Siku hiyo hakutania. Alikuja ameshika ndala zangu.

"Nimezikuta kule," akasema. "Ulikuwa unaongea na nani jua la utosi?"

Nikamweleza. Sikumficha.

"Ulitaja wangapi?"

"Watatu, bibi. Mimi, baba na babu."

"Wewe uko hapa, nakuona. Babu kashatangulia, hana wa kumwita." Akaweka uji chini. "Baba yupo hai?"

"Yupo. Yuko Nyangamara, shambani kwake."

Akamwangalia kitukuu chake. Kisha akasema, "Mpigie. Kama hajasikia kitu, mshukuru Mungu. Kama kasikia sauti yako, atakuuliza kama ulimwita. Kataa."

"Nimdanganye baba?"

"Mwanangu, ukikubali kwamba ulikuwa wewe, kesho akiisikia tena ataitika. Na kesho haitakuwa wewe. Kataa, ajue kuwa sauti ile si ya kuitikiwa."

Nilitaka kucheka. Nilitaka kumwambia kwamba mimi ni mtu wa vipimo. Lakini lisemwalo lipo, kama halipo laja, na sikuwa na moyo wa kulisubiri lije. Na kwa kuwa mtandao ulikuwa kulekule, ilinibidi nirudi makaburini kumtafuta baba yangu. Bibi alinifuata, akasimama nyuma yangu ameshika upande wa khanga yangu, kama unavyomshika mtoto karibu na kisima.

Baba alipokea. Sauti yake ilikuwa nzima. Tukasalimiana, akanieleza habari za korosho, dawa ya kupulizia imechelewa, ng'ombe wa jirani wameingia shambani. Nikaanza kujiona mjinga. Kisha akashusha sauti.

"Mwanangu, leo nchana nilikuwa chini ya mikorosho napalilia. Nikasikia unaniita."

"Nakuita?"

"Kwa jina langu. Jina kabisa, si baba. Nikasema huyu mwanangu wa kumzaa, hawezi kuniita hivyo. Nikanyamaza. Lakini sauti ni yako, naijua. Ulikuwa wewe?"

Nilihisi bibi akivuta khanga kidogo. Baba yangu ndiye aliyenilea nisiseme uongo; mara moja alinitembeza hadi kwa jirani nikakiri kwamba ni mimi niliyechuma mapapai. Nikasema, "Siyo mimi, baba. Mimi nilikuwa kazini."

Akapumua. "Nashukuru umeniambia. Maana sasa hivi alasiri imeita tena. Basi sitaitika, hata iite vipi."

Majibu ya chuo yalikuja baada ya wiki chache. Nilipata nafasi, na mwajiri akaniruhusu. Nilifurahi mpaka nikalia, kisha nikasema habari kama hii baba haambiwi kwa simu. Nikapanda basi mpaka mjini Lindi, nikatafuta gari la Nyangamara, nikafika nyumbani alasiri na kitenge cha mama begani.

Mlango wa mbele ulikuwa wazi nusu. Mama alikuwa kisimani, nilimwona kwa mbali. Baba alikuwa ndani. Niliisikia redio yake, na niliona mguu wake kwenye mkeka. Nikapiga hodi. Redio ikazimwa. Nikapiga hodi tena, nikasema, "Baba, ni mimi, nimekuja na habari njema." Mguu ukavutwa ndani, taratibu, mpaka nisiuone. Nikasema, "Shikamoo, baba." Kimya. Nikalisema tena kwa nguvu, na mara ya tatu nikalisema nikilia, kwa sababu nilikuwa nimeelewa.

Niliingia bila kukaribishwa. Alikuwa ameketi kwenye kona, kiganja kimefunika mdomo wake mwenyewe. Alinitazama usoni, akatazama miguu yangu kama inagusa chini, akaushika mkono wangu na kuubonyeza. Ndipo akasema, "Marahaba. Nisamehe, mwanangu. Inakuja kila siku. Inaniambia habari njema."

Ilikuwa nafasi ya kumwambia ukweli, kwamba ile ya kwanza ilikuwa yangu. Nilimwangalia alivyokonda, nikaona kwamba kunyamaza kwake ndiko kulikokuwa kumemweka hai, au yeye aliamini hivyo, na mimi sikuwa na kipimo cha kutenganisha hayo mawili. Sikumwambia. Alinibariki nikasome. Akanisindikiza hadi barabarani akiwa amenishika mkono muda wote.

Sasa ni mwaka wangu wa pili chuoni. Nimejifunza mengi, na ruhusa niliyoitafuta inakaribia. Kila Ijumaa baada ya swala nampigia mama, naye anaiweka simu katikati ya mkeka ili wote wawili wasikie. Baba ni mzima, alhamdulillahi, bado anapalilia. Nasema, "Shikamoo, mama," anaitikia. Nasema, "Shikamoo, baba," na namsikia akivuta pumzi karibu kabisa na simu, pumzi ya mtu anayenipenda na aliyefumba mdomo. Mama husubiri kidogo, kisha husema, "Marahaba, anasema marahaba," na mimi najua kuwa hajasema kitu.