Mazungumzo ya Saa Kumi

Oliva, ambaye Lukuledi nzima humwita Mama Dickson, alikaa miaka ishirini na sita mbele ya redio ya zahanati, akiita gari la wagonjwa na kuulizia dawa. Sauti iliyomjibu mara nyingi ilitoka Kitangari, kule juu Newala. Huyo alikuwa Rukaiya, Mama Faruku, mwenye kazi kama yake. Walipostaafu, kila mmoja alitafuta redio kuukuu, akakata leseni ya redio ya ridhaa, ile ya wanaozungumza hewani kwa kupenda tu, wakaendelea kuzungumza kila siku saa kumi jioni kana kwamba hawajaagwa kazini.

Mwaka jana Mama Faruku akaanza kujibu kombo. Akiulizwa mvua, anasimulia harusi. Kisha akanyamaza kabisa. Wiki mbili Oliva aliita bila kujibiwa, akahisi amechokwa. Ya tatu akapanda basi la Kitangari.

Alimkuta uani akichambua mbaazi. Alipiga hodi mara tatu, hakuitikiwa mpaka alipomgusa bega.

"Masikio yamekufa, Mama Dickson," Rukaiya alisema bila kumtazama. "Niliona haya. Utamwambiaje mtu wa redio kwamba husikii?"

Simu alikuwa nayo, lakini herufi zake hakuziona vizuri. Meseji alisomewa na wajukuu, na mambo ya watu wazima si yote ya kusomewa na wajukuu.

Dawa Oliva aliipata hewani. Zabroni, mpenzi wa redio wa Dodoma, alimweleza kwamba kompyuta ikiunganishwa na redio hugeuza herufi kuwa milio, na kompyuta ya upande wa pili huigeuza milio hiyo kuwa herufi tena. Hata ya zamani inafaa. Shuleni kulikuwa na mbili stoo, zile zenye kisogo kinene, mijusi wamehamia ndani. Mwalimu mkuu akampa zote, akashukuru stoo kupata nafasi. Oliva alilehemu nyaya kwa maelekezo ya Zabroni, akaunguza vidole na kitambaa cha meza. Kompyuta moja akaipakata njia nzima hadi Kitangari, pamoja na mfuko wa unga wa muhogo wa zawadi, akaifunga kwenye redio ya mwenzake, akazikuza herufi mpaka mwenzake akaziona vizuri, akamfundisha siku mbili, akarudi.

Siku ya kwanza skrini ilitoa makorokoro matupu, kwani sauti ya redio ilikuwa kubwa mno. Akapunguza, akapunguza tena. Siku ya tatu, saa kumi, herufi zikaanza kutoka, kubwa kama za ubaoni, mojamoja maana Mama Faruku huandika kwa kidole kimoja. Oliva akasubiri, mkono shavuni.

MAMA DICKSON UNGA WAKO WA MUHOGO HATUJAMALIZA. MUME WANGU ANAUSIFU MPAKA NAONA WIVU.

Akasoma mara mbili, akafuta miwani kwa kanga, akaanza kuandika jibu refu.

Siku hizi mazungumzo yaliyokuwa ya robo saa hufika magharibi, na nyumbani kwa Oliva wamezoea mboga iliyoungua.