Alama Mbili Juu ya Kardani

Mpaka leo nikikaa ndani ya gari linalotetema, hasira inanipanda kabla hata sijajua linatetema kwa nini. Si hasira ya gari. Ni ya mpumbavu mmoja wa Bunia aliyekuwa na pikapu kuukuu mwishoni mwa miaka ya sabini, akibeba samaki wa chumvi kutoka ziwani, akijiona anajua kila kitu. Mpumbavu huyo ni mimi.

Miaka ile hakuna mwenye gari aliyeliacha zima uani. Kila ilipotangazwa sherehe au mgeni mkubwa, magari ya watu yalichukuliwa na wakubwa wa serikali kubeba wacheza ngoma na askari, na yalirudi bila tairi, mengine hayakurudi kabisa. Habari ikivuma tu, watu waliondoa betri. Wakubwa nao wakajifunza kuja na betri yao, washenzi wale. Basi mimi nilikuwa nashusha kardani, lile bomba refu linalopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma. Boliti chache tu. Naificha ndani, wakija nawaonyesha gari lililokufa, sherehe ikipita nairudisha. Sikuiita kazi ya fundi. Kwangu ilikuwa kama kufunga mlango kwa kufuli.

Fundi nilikuwa naye, huko mtaa wa Mudzipela. Kibanda chake kilikuwa kando ya soko, mabati manne na shimo la kuingilia chini ya gari. Ndiye aliyesimama nasi kanisani siku tulipofunga ndoa. Viungio vya kardani vilipolika alivibadilisha, na pikapu ikanirudisha kutoka Kasenyi, kule ziwani, na mzigo wake kimya kabisa. Nilimsifu kwa kila mtu.

Majuma mawili baadaye pikapu ikaanza vituko. Kwa mwendo wa hamsini, hakuna kitu. Sitini, mngurumo mdogo chini ya kiti. Sabini, usukani, milango, meno yangu, kila kitu kinatetema, na samaki wanaruka nyuma kana kwamba wamefufuka. Nikipunguza mwendo, kimya. Nikiongeza, yale yale.

Sikumuuliza mtu. Niliendesha moja kwa moja mpaka sokoni, siku ya soko, watu wamejaa, nikasimama mbele ya kile kibanda na kupaza sauti ambayo Mungu alinipa kwa kazi nyingine.

"Mwizi! Umekamata viungio yangu ya mupya, umeniwekea ya zamani!"

Akatoka shimoni, mikono imejaa grisi. "Ndugu, leta gari nitazame kwanza."

"Utazame nini? Uibe na ingine?"

Wauza unga waligeuka. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipima unga wa muhogo aliacha kopo lake hewani. Nikaondoka nimeridhika, na hilo ndilo linaloniuma zaidi: niliridhika.

Yule mtu hakuwa na kitu kingine cha kuuza isipokuwa jina lake. Vyuma vinaletwa na mwenye gari. Fundi analeta uaminifu. Katika mwezi ule mapadri walipeleka gari lao kwingine, na wenye malori wa njia ya Aru wakapita mbele ya kibanda chake bila kusimama. Niliyasikia hayo, nikasema: vizuri!

Pikapu iliendelea kutetema. Fundi mmoja wa Nyakasanza aliapa ni mipira inayoshikilia injini, akabadilisha. Wapi! Mwingine akasema ni tairi. Nilikuwa nimeanza kuipiga ile pikapu mateke kila asubuhi, mke wangu akinitazama.

Kisha asubuhi moja fundi wangu akaja nyumbani mwenyewe, kwa miguu, na spana zake ndani ya mfuko wa ngozi.

"Kama niliiba, tutaona fasi niliibia," akasema. "Panda. Tuende ku njia ya uwanja wa ndege."

Ndiyo njia pekee iliyokuwa imenyooka. Aliweka kiganja sakafuni, akafumba macho. Nilipofika sabini na kelele zote zilipoanza, akasema, "Sasa tosha mu vitesi. Acha iende yenyewe."

Nikatoa gia. Injini ikashuka mpaka mngurumo wake mdogo, lakini gari likaendelea kutetema vile vile.

"Umesikia? Moteri imenyamaza, ile kintu bado iko. Haiko moteri."

Tukarudi uani. Akahamisha magurudumu, ya mbele nyuma, ya nyuma mbele, tukaenda tena. Sabini, yale yale. Basi hata tairi hazikuwa na kosa. Tuliporudi mara ya pili aliingia chini ya gari, akakaa huko muda mrefu.

"Kuya uone," akaniita.

Nikalala chini kando yake. Kardani ni vipande viwili vinavyoingiana kwa meno, na vikikaa vibaya, viungio viwili vinapigana vinapozunguka. Kwenye kila kipande fundi alikuwa amegonga alama ndogo kwa patasi, ili siku zote zirudi zikitazamana. Moja ilikuwa juu. Nyingine ilikuwa imekwenda pembeni kabisa.

"Nani alitosha hii?"

"Hakuna mutu," nikasema, na niliamini.

Mke wangu alikuwa mlangoni. "Baba," akamwambia fundi, "haiko ile yenye ilikuwa chini ya kitanda yetu, siku ya mugeni mukubwa? Ilijitosha vipande mbili. Ni miye niliifunga mu kikwembe yangu ya kuvaa."

Chini ya gari hakuna pa kukimbilia. Nilitazama zile alama mbili, ambazo sikuzitazama siku nilipoirudisha. Nilitaka kumkasirikia mke wangu, kisha wakubwa na sherehe zao, na wakubwa niliwakasirikia kweli, ninawakasirikia hata sasa. Lakini si wao waliosimama sokoni.

Fundi alizirudisha zikatazamana. Hata uji haungeiva kwa muda ule. Tukaenda: sabini, themanini, kimya.

"Unisamehe, ndugu," nikasema, nikitazama barabara.

"Haiko hapa," akajibu. "Wale batu walikusikia habako hapa."

Siku ya soko nilienda. Alikuwa shimoni chini ya pikapu ya mtu, hakutoka. Nikakohoa. Nikasema kwamba yule fundi hakuniibia, kwamba kosa lilikuwa langu.

Mwanamke wa unga wa muhogo akasimamisha kopo lake.

"Hatusikie," akasema. "Semea na sauti ya siku ile."

Nikajaribu kuipata ile sauti. Haikuja. Nikajaribu tena, na soko zima likaningoja.