Goti Lililoandikwa Zima

Mama yangu aliandikwa mzima Jumanne moja saa nne asubuhi, katika chumba cha chanjo cha zahanati ya kijiji chetu, mwendo wa saa moja kwa pikipiki kutoka Rutamba. Mimi nilikuwa nje kwenye benchi. Alitoka akiwa ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili kabla ya kushusha mguu. Mkononi alikuwa na pamba yenye tone la damu, na kadi yenye kibandiko cha kijani ameibana kwapani.

"Wamekuuliza nini?" nilimwuliza.

"Wameniuliza habari, nimewajibu."

Mimi ni fundi cherehani. Shule niliishia darasa la saba. Ninayoyajua kuhusu goti nimeyatafuta mwenyewe, kwa simu, kamusi na daftari, kwa sababu kila tulipompeleka mama hospitali tuliambiwa ni uzee. Sikukubali. Uzee si jina la ugonjwa. Nilianza na neno moja, gegedu, kitu kigumu chenye kuteleza kinachofunika ncha za mifupa pale inapokutana. Nikasoma kwamba gegedu likisagika, vipande vya protini zake huingia kwenye damu na kwenye mkojo. Eksirei huonyesha goti lililokwisha kuharibika. Protini hizo huenda zikaonyesha mapema, na huenda zikaonyesha dawa ipi inamfaa nani. Nasema huenda kwa sababu wataalamu wenyewe wanasema huenda. Kipimo bado hakijakamilika, ndiyo maana watafiti wanazunguka kutafuta damu.

Walipofika kwetu walitaka damu ya wanaoumwa magoti na ya wasioumwa, ili wailinganishe. Wagonjwa wangepelekwa Lindi kupigwa picha, kisha wangefuatiliwa matibabu mwaka mzima. Mimi ndiye niliyemshawishi mama. Nilimsomea fomu ya ridhaa mstari kwa mstari, naye akaweka dole gumba.

Kijani kilikuwa cha wazima.

Niliingia chumbani. Aliyemhoji mama alikuwa binti mdogo, mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Naomba nione majibu ya mama yangu."

"Hiyo ni siri ya mshiriki."

Mama alikuwa nyuma yangu. "Mwonyeshe. Hata viraka vya gauni langu la ndani anavijua huyo."

Nikasoma. Unaumia unapopanda ngazi? Hapana. Kijiji chetu hakina ghorofa. Unaumia unaposhuka kwenye gari? Hapana. Mama hajapanda gari tangu msiba wa dada yake kule Kikole. Unaumia unapoinuka kwenye kiti? Hapana. Mama hukaa kwenye mkeka. Mwisho kabisa: kwa jumla magoti yako yakoje? Binti alikuwa ameandika: hayana tatizo.

"Nilimwuliza mara mbili," alisema. "Akasema hajambo, alhamdulillahi."

"Una bibi?"

"Ninaye. Yuko Newala."

"Akiumwa, mgeni akimwuliza habari, anajibuje?"

Alitazama kalamu yake. "Anasema nzuri."

"Halafu?"

"Halafu anasema, ila..."

Kwetu mtu hata akiwa amelazwa, dripu iko mkononi, ukimwuliza habari atakuambia nzuri. Ugonjwa huja baadaye, ukishakaa na ukishapewa maji. Binti alikuwa ameandika kabla ya "ila".

Kiongozi wao alikuwa daktari wa makamo. Nilimkuta barazani akifunga sanduku la barafu, dereva ameshawasha gari. Wanawake waliokwisha kutolewa damu walikuwa wamekaa ukutani wakinywa soda waliyopewa. Nikamweleza taratibu.

"Damu ya mama yangu mmeiweka kwa wazima. Maana yake protini zake zitakuwa mfano wa goti zima. Kesho mwanamke mwingine mwenye goti kama lake atalinganishwa naye, ataambiwa na yeye ni mzima."

Alitabasamu. "Mama, haya umeyasoma wapi?"

"Hilo silo swali langu."

Nikafungua daftari. Kila Ijumaa, kwa miezi kumi na mitatu, nilikuwa nimelizungushia goti la mama futi, mahali pale pale, la kulia na la kushoto, nikaandika unene wake kwa sentimita. Daktari alipitisha kidole kwenye safu za tarakimu.

"Kazi nzuri. Lakini futi ya kupimia nguo si kipimo cha utafiti."

"Najua. Na ngazi ambayo haipo nayo si kipimo."

Wanawake wakacheka. Yeye hakucheka. Alisema fomu imeshafungwa, chupa imeshapewa namba, na damu inatakiwa ifike Lindi kabla ya adhuhuri.

"Basi itoeni," nilisema. "Fomu yenu inasema mshiriki anaweza kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu."

"Akijitoa, hata nafasi ya kuitwa tena hatakuwa nayo. Unamharibia mama yako."

Maneno hayo yalinichoma, kwa sababu yalikuwa kweli. Nilikuwa nimengoja nafasi ile kuliko mama mwenyewe.

"Mwenye damu ndiye aseme," nilijibu.

Mama alikuwa amefika barazani kwa kushikilia ukuta. "Itoeni," alisema. "Mimi siwi mfano wa uzima kwa mtu."

Jirani yetu, ambaye shamba lake la mikorosho limepakana na letu, akadakia: "Mzima gani huyo! Ukimpita njiani, uende Rutamba urudi, utamkuta pale pale!"

"Na wewe kadi yako rangi gani?" mama alimwuliza.

Jirani akaitazama. Kijani. Kicheko kikakatika. "Nami nilisema sijambo," alisema. "Ningesema nini kwa mgeni?" Akainuka kwa kuegemea bega la mwenzake, akaiweka kadi juu ya sanduku la barafu. Wa tatu akafuata, kisha wa nne.

Daktari alizikusanya zile kadi. Kisha alimwambia dereva azime gari. Wangehojiwa upya, wote wanne, kwa sharti kwamba mimi nisiseme neno. Nilikubali kunyamaza. Kutoka sikukubali.

Binti aliacha meza, akaomba mkeka, akakaa chini mbele ya mama. Akampa maji kwanza. Akangoja.

"Bibi, korosho unaokotaje?"

"Nakaa chini, najiburuza na kikapu."

"Nazi?"

"Anakuna huyu."

"Chooni?"

Mama alinitazama, akageukia ukuta. "Nina kigoda. Nimekitoboa katikati mwenyewe, kwa panga. Nakificha nyuma ya pipa."

"Na kuswali?"

"Nikishuka sijda ya pili siinuki. Namaliza nimelala ubavu. Ndiyo maana siku hizi naswali nimefunga mlango."

Daftari langu lilikuwa na miezi kumi na mitatu ya sentimita, na hayo hayakuwemo. Na mimi kila asubuhi nilimwuliza umeamkaje, akanijibu salama, nikaenda kwenye cherehani yangu. Nikainamisha uso.

"Wewe umeambiwa unyamaze," mama alisema. "Kulia nako ni kelele."

Binti naye alikuwa ameacha kuandika.

"Na wewe andika. Sirudii."

Akaandika mpaka mwisho wa ukurasa, akabandua kile kibandiko cha kijani kwa ukucha, akafunika kalamu.

"Mbona unafunika?" mama alimwuliza. "Hatujafika kwenye nyonga."